Mishipa ya korodani: kisu au subira?

Msikilizaji, kule Ulemo, wilayani Iramba, kama kwingi nchini, ndoa ikikosa mtoto anayepelekwa kupimwa kwanza ni mke. Mume hubaki nyumbani. Hili linaniuma, maana karibu nusu ya matukio ya ugumba yanamhusu pia mwanaume.

Mojawapo ya sababu ni varikosili: mishipa ya vena juu ya korodani, mara nyingi ya kushoto, imevimba na kujipinda. Wengine huiita ngiri au busha, na si hiyo wala hilo. Daktari humsimamisha mgonjwa, humwambia akaze tumbo, kisha hupapasa. Damu iliyotuama huongeza joto, na mbegu hudhoofika.

Je, apasuliwe? Takribani wanaume 15 katika kila 100 wana hali hii, na wengi wao wamezaa. Upasuaji una maana pale uvimbe unapopapasika na kipimo cha shahawa kikawa kibaya. Uvimbe unaoonekana kwenye ultrasaundi tu uachwe.

Baada ya upasuaji mbegu huboreka kwa wengi, lakini si kila aliyeboreka hupata mtoto. Hatari za upasuaji ni maji kujaa kwenye korodani, uvimbe kurudi, na kwa nadra korodani kusinyaa. Tena mbegu huchukua miezi miwili na nusu hivi kukomaa, hivyo kipimo cha marudio ni baada ya miezi mitatu. Mke mwenye miaka 38 huenda hana muda huo. Umri wake uulizwe kabla ya kuuza alizeti kwa ajili ya nauli na matibabu.