Chanjo Shuleni: Ridhaa ya Mzazi na Sauti ya Kijana

Kwa Sheria ya Mtoto ya Sudan Kusini ya mwaka 2008, msichana wa Juba mwenye miaka 15 bado ni mtoto, na chanjo inapofika shuleni neno la mzazi ndilo linalotangulia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 unataja ridhaa ya namna tatu: ya maandishi, ya mdomo, na ile inayohesabiwa kuwa imetolewa pale mzazi aliyearifiwa anapomruhusu mwanawe kwenda kuchanjwa. Hiyo ya tatu ndiyo yenye utata. Mzazi asiyepata habari hajakubali lolote.

Hofu ya wazazi ina chanzo. Mei 2017, huko Kapoeta, watoto 15 wa chini ya miaka mitano walifariki baada ya kampeni ya chanjo ya surua. Uchunguzi ulionyesha kuwa bomba moja la sindano lilitumika siku nne mfululizo, dawa haikuhifadhiwa kwenye baridi, na miongoni mwa waliochoma sindano walikuwamo watoto wa miaka 12. Kosa lilikuwa la utoaji, si la chanjo yenyewe, lakini mzazi aliyezika mtoto hatofautishi hayo kwa urahisi.

Kijana naye ana haki. Sudan Kusini ilijiunga na Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 2015, na Ibara ya 12 inataka maoni yake yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Basi shule ziwaeleze wazazi mapema, kwa Kiarabu cha Juba na Kibari, na mwanafunzi mwenyewe aulizwe kabla ya kukunja mkono wa shati.