Hesabu Moja, Majawabu Mawili: Juu ya Nukta Inayoelea katika Lugha ya C



Programu ikigawa a kwa b, ikaliweka jawabu katika x, kisha papo hapo ikauliza kama x ni sawa na a kwa b, kila aliyepata kusoma hesabu atatarajia kuambiwa ndiyo. Walakini kwa miaka mingi zilikuwako kompyuta za mezani, za kawaida kabisa, zilizoweza kujibu siyo. Chipu ya hesabu ya Intel 8087, iliyotolewa mwaka 1980, ilifanya kazi katika rejista zenye biti 64 za tarakimu, ilhali namba ya aina ya double, ikishawekwa katika kumbukumbu, hubakiwa na biti 53 tu. Basi x imekwisha kukatwa, mwenziwe yumo bado katika rejista, mzima, na wakikutanishwa hawatambuani.

Wengi hudhani kwamba kanuni ya hesabu za nukta inayoelea, IEEE 754 ya mwaka 1985, ambayo Profesa William Kahan wa Berkeley aliipigania kwa juhudi kubwa, ilimaliza ikhtilafu hizi. Ilizimaliza kwa kila tendo la msingi, moja moja. Lakini C humwachia kompaila hiari ya kuamua majawabu ya katikati yachukuliwe kwa usahihi gani, na tangu mwaka 1999 humtaka atangaze hiari hiyo kwa FLT_EVAL_METHOD. Mimi naona programu isiyoiangalia ilani hiyo, nayo inadai kutoa jawabu lile lile kila mahali, inadai isichokuwa na haki nacho.

Hatari ya leo ni nyingine, tena ya siri zaidi. Chukua x*x - y*y, na x iwe sawa na y: sifuri, bila shaka. Lakini prosesa za ARM za biti 64 zina amri moja ya kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo, na kompaila ya GCC, isipokatazwa, huitumia. Hapo y*y hukadiriwa kwanza, x*x haikadiriwi, na kinachobaki ni lile kosa dogo la ukadiriaji, ambalo pengine huwa chini ya sifuri. Mwombe sqrt akupe kipeuo chake, naye atakurudishia NaN, yaani kitu kisichokuwa namba, ilhali msimbo huo huo juu ya Intel ya zamani ulipita salama. Dawa yake ni kumwandikia kompaila -ffp-contract=off, yaani asiunganishe matendo hayo, na kujiepusha kabisa na -ffast-math, inayomruhusu kuacha kanuni kwa ajili ya kasi, ambayo kwangu haina udhuru pale jawabu linapotegemewa na watu.

Zimebaki sin, exp na jamaa zao, ambazo kanuni haikulazimisha zikadiriwe sawasawa, hata kila maktaba ya hesabu ikawa na jawabu lake katika biti ya mwisho. Huko CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, mradi wa LHC@home uligawa hesabu za njia za protoni zinazozunguka katika mashine ya LHC kwa kompyuta za watu wa kujitolea, za kila namna, na kulinganisha matokeo ya kompyuta moja na ya nyingine. Tofauti ya biti moja ilikua mzunguko baada ya mzunguko, mpaka njia zikaachana kabisa. Hazikupatana ila baada ya maktaba za kawaida kuwekwa kando na kutumiwa maktaba ya crlibm, iliyoandikwa Lyon, Ufaransa, ambayo huikadiria kila thamani kwa usahihi uliothibitishwa.