Miwani ya Tatu, na Ubao Bado Huonekani?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Kilambo, Mtwara)

Kumbukeni taa ya mtumbwi usiku pale Ruvuma. Maji yakitulia unaona taa moja. Mawimbi yakija, taa ile ile inapata mkia, inakuwa mbili, tatu. Taa haijaharibika, ni uso wa maji umepinda.

Jicho nalo lina uso wake, konea, yaani kile kioo angavu cha mbele. Upo ugonjwa unaoifanya konea iwe nyembamba na kuchomoza kama pia. Madaktari wanauita keratokonasi, na mara nyingi huanza katika umri wenu huu. Herufi zinapata vivuli, unabadilisha miwani, wapi! Mimi kidato cha pili niliitwa mvivu, eti sitaki kunakili.

Unagunduliwaje? Tangu miaka ya 1880 ipo sahani ya duara nyeusi na nyeupe ya Mreno António Plácido. Daktari anachungulia katikati yake. Duara zikionekana juu ya konea yako zimevutika kama yai, kuna jambo.

Kipimo kipya zaidi hupeleka mwanga mwembamba jichoni. Unagonga nyuma ya jicho, unarudi nje kupitia lensi ndogondogo nyingi, na kila lensi inachora nukta. Jicho zima, nukta zimejipanga kama gwaride. Konea ikichomoza, zinatoka kwenye mstari, na kompyuta inahesabu zimehama kiasi gani. Jamani, mbinu hii ilitokana na kukagua darubini za nyota! Hartmann wa Ujerumani aliianza mwaka 1900. Mwaka 1994 wataalamu wakatangaza kuwa wamepima jicho la mtu kwa njia hiyo.

Kuwahi kuna faida. Matone ya vitamini B2 pamoja na mwanga wa urujuanimno hukaza konea. Taarifa ya wagonjwa wa kwanza ilitoka Dresden mwaka 2003. Ila yanazuia ugonjwa usiendelee, hayarudishi kilichokwisha kupotea.

Na huku kufikicha macho! Kunahusishwa sana na ugonjwa huu. Salfa ya mikorosho ikikuingia, nawa kwa maji mengi safi. Yakiwasha, weka kitambaa chenye maji baridi.

Haya, jaribu: toboa kadi kwa sindano, chungulia ubao kwa jicho moja. Herufi zikikaa sawa, huenda mwanga unapinda vibaya jichoni. Kadi haisemi ni ugonjwa gani. Nenda hospitali ya mkoa, Ligula, na miwani zako zote za zamani, umwambie mpimaji kila moja uliivaa muda gani.