Nyama Kidogo, Ladha kwa Wote

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya sufuria. Nyama ikipikwa nyumbani, ni nani anapata vipande vikubwa? Jibu tunalijua. Baba kwanza, halafu wageni, watoto wanagombania mchuzi, na mama anaramba mwiko! Basi tuangalie jinsi watu wa Bologna, mji wa kaskazini mwa Italia, wanavyopika nyama kidogo ikamfikia kila mtu. Mchuzi wao unaitwa ragù, na unaliwa kwa tambi.

Mapishi haya wanayatunza sana. Tarehe 17 Oktoba 1982 yaliandikishwa katika Chemba ya Biashara ya Bologna, na mwaka 2023 yakarekebishwa. Kipimo cha 2023 kwa watu 6 ni hiki:

- nyama ya ng'ombe ya kusaga, isiwe laini sana, gramu 400
- nyama ya tumbo la nguruwe, gramu 150
- kitunguu, karoti na seleri, gramu 60 hivi kila kimoja
- nyanya zilizopondwa na kuchujwa, gramu 200, na kijiko 1 cha nyanya nzito ya mkebe
- divai glasi 1, na maziwa glasi 1 ukipenda
- mafuta ya zeituni kidogo, chumvi, pilipili manga na supu

Mnaona? Hakuna kitunguu saumu, hakuna bizari, hakuna pakiti ya unga wa mchuzi. Ladha inatoka katika utaratibu na subira.

1. Katakata nyama ya nguruwe ndogo ndogo, uiyeyushe mafuta yake polepole. Tia mboga zilizokatwa laini, zilainike bila kuungua.

2. Ongeza moto, tia nyama ya ng'ombe. Koroga dakika kama 10 mpaka maji yakauke na usikie inachachatika. Hapa wengi wetu tunaharakisha. Nyama ikiwa bado ndani ya maji inachemka tu, haiwezi kugeuka rangi ya kahawia, na rangi hiyo ndiyo ladha.

3. Tia divai, ikauke. Halafu nyanya.

4. Funika, moto mdogo, saa 2 hadi 3. Ongeza supu ya moto kidogo kidogo. Katikati ya safari tia maziwa.

Muda huo mrefu una kazi yake: unalainisha nyama ngumu. Kwa hiyo usinunue steki. Kidari au bega linafaa zaidi, na bei ni nafuu.

Wasiokula nguruwe watumie mafuta ya ng'ombe, na wasiotumia divai waweke supu ya mifupa. Ladha itabadilika, lakini njia ni ile ile.

Tambi nazo si lazima zitoke dukani. Watu wa Bologna hutengeneza tambi pana, tagliatelle, kwa yai 1 na gramu 100 za unga wa ngano. Kanda, pumzisha nusu saa, sukuma nyembamba kuliko chapati, kunja, kata, chemsha dakika chache. Kikundi chenye kuku kisishindwe!

Mtasema, saa 2 za moto ni gharama. Ni kweli. Ndiyo sababu tupike pamoja. Kwa watu 30, kilo 2 za ng'ombe na gramu 750 za nguruwe zinatosha, sufuria moja, jiko moja. Makaa yakishika, yafunike kwa jivu yawake polepole.

Na tukumbuke jambo hili: nyama ya kusaga haina kipande cha mkubwa. Ukipakua kijiko kwa kijiko, mtoto wa mwisho na mama yake wanapata sawa na baba.

Maswali ya kujadiliana:

1. Nyumbani kwetu, ni nani anapakuliwa mwisho, na kwa nini?
2. Kikundi chetu kina nini tayari kati ya karoti, mayai, maziwa na nyanya?
3. Tukipika sufuria moja pamoja, kila mmoja atachangia nini?