Simu Yako na Majina ya Ndugu Zako



Ulipovuka mpaka wa Mpondwe, simu yako ilibeba namba za ndugu uliowaacha Beni na Butembo. Namba hizo zikifika kwa mtu mbaya, zinaweza kuwaponza.

Ipo mifumo ya simu iliyotengenezwa kulinda siri. Mmoja ni GrapheneOS, nao ni wa bure. Lakini umetengenezewa simu chache, kama Google Pixel. Tecno na itel tulizozoea haziupokei. Basi tuanze na simu uliyo nayo.

Fungua setingi, tafuta ruhusa za programu. Tochi inataka majina ya watu wako? Ya nini? Mchezo unataka kujua ulipo? Ondoa ruhusa hiyo. Weka namba ya siri. Ukimpelekea fundi simu, toa kwanza laini na memori kadi.

Na anayekuandikisha, muulize taarifa zako ni za kazi gani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inakupa haki hiyo. Uliza kwa heshima, usiogope.

Jioni hii, kaeni na jirani mkague simu zenu pamoja. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.