KUCHECHEMEA SI UVIVU



Jeshi lolote, hata likiwa na magari mengi kiasi gani, hatimaye husimama juu ya miguu ya askari wake. Mlinzi wa lango hukesha kwa miguu, doria hupita mitaani kwa miguu, na gwaride halifanyiki ila kwa miguu. Kwa sababu hiyo, ugonjwa unaoinyima miguu damu ni adui anayestahili kufahamika kambini na vituoni, wala usiachwe kuwa siri ya madaktari peke yao. Ugonjwa wenyewe ni kuziba kwa mishipa inayopeleka damu miguuni. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2015 watu wazima wapatao milioni 236 duniani walikuwa nao, na walio wengi waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Tuutazame mtaa wa Jabe, hapa mjini Bujumbura. Kutoka Jabe hadi katikati ya mji si safari ya kumshinda mtu mzima, na wakazi wengi huimaliza kwa miguu. Mwenye ugonjwa huu huondoka nyumbani akiwa hana neno. Akiisha kwenda mwendo fulani, shavu la mguu humkaza na kumuuma kama kwamba limefungwa kamba. Husimama, hujifanya anatazama bidhaa dukani au anamwamkia jamaa, na baada ya dakika chache maumivu hutoweka. Akiendelea na safari, maumivu humrudia baada ya umbali ule ule. Akishika njia ya kupanda kuelekea vilima vya mashariki ya mji, humfika mapema zaidi.

Hapo ndipo hukumu huanza kutolewa. Huyu husema ni uzee, yule husema ni baridi yabisi, na wa tatu hunong'ona kwamba jamaa amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Kambini hukumu huwa kali zaidi: askari amekuwa mvivu. Naye askari, kwa kuogopa jina hilo, huficha maumivu yake, na ugonjwa hupata nafasi ya kusonga mbele.

Ukweli wa mambo ni huu. Msuli unaofanya kazi hudai damu nyingi kuliko msuli uliopumzika. Mafuta yaitwayo lehemu yakijijenga ndani ya kuta za mshipa mwaka hata mwaka, njia ya damu husonga. Mtu akiwa ameketi, damu ile kidogo humtosha. Akitembea haimtoshi, na msuli hulalamika. Ni sawasawa na kikosi kilicho mstari wa mbele huku barabara ya kuletea chakula imezibwa nusu: siku ya utulivu kitavumilia, lakini siku ya mapigano kitashindwa, wala kosa halitakuwa la ushujaa wake.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1831, huko Ufaransa, daktari wa mifugo aitwaye Bouley alieleza habari za farasi aliyechechemea kila alipokimbizwa na kupona kila alipopumzishwa, kumbe mshipa wake mkubwa ulikuwa umeziba. Mwaka 1858 daktari Charcot alieleza hali kama hiyo kwa binadamu, na mgonjwa wake alikuwa mtu aliyepata kuwa askari, ambaye zamani alijeruhiwa kwa risasi.

Ni nani aliye katika hatari? Wa kwanza ni mvuta sigara. Moshi wa tumbaku huharibu ngozi laini iliyo ndani ya mshipa, huubana mshipa wenyewe, na kuifanya damu iwe nyepesi kuganda. Wapo wengine: mwenye kisukari, mwenye shinikizo kubwa la damu, mwenye lehemu nyingi, mwenye ugonjwa wa figo, na mtu yeyote ambaye umri wake umesogea. Lakini vijana wasijidanganye. Upo ugonjwa wa aina nyingine ulioelezwa kwa kirefu na daktari Leo Buerger huko New York mwaka 1908, ambao huwashika zaidi wavuta tumbaku wenye umri usiofika miaka 50. Huziba mishipa midogo ya mikono na miguu hadi vidole kuoza. Hauna tiba inayoweza kuusimamisha kwa hakika ila kuacha tumbaku kabisa, kwani hata sigara moja au mbili kwa siku zaweza kuufanya uendelee.

Zipo dalili ambazo kila askari azijue. Mguu mmoja huwa wa baridi kuliko mwenzake. Vinyweleo vya mundi hupukutika na ngozi hung'aa. Kidonda kidogo kidoleni hukataa kupona. Ugonjwa ukikomaa, mguu huuma usiku kitandani, na mgonjwa hupata nafuu akiuning'iniza chini. Hali hiyo ni mlango wa donda ndugu na wa kukatwa mguu. Haifai kungoja hata wiki moja. Lakini mguu ukiuma kwa ghafula, ukageuka rangi, ukawa baridi na kufa ganzi, hiyo ni dharura ya saa, wala si ya siku. Saa sita hivi zikipita bila damu, mguu waweza kupotea.

Na mguu si mwisho wa habari. Mishipa iliyoziba miguuni ni mashahidi wa ile ya moyo na ya ubongo. Wagonjwa wengi wa aina hii hufa kwa moyo au kwa kiharusi kabla mguu haujawaua. Tena, wako wengi wasiosikia maumivu yoyote. Mwenye kisukari hasa, ambaye mishipa yake ya fahamu imeharibika, aweza kutembea mchana kutwa na kokoto ndani ya buti asijue, hata jioni akute damu ndani ya soksi.

Uchunguzi wake si wa gharama kubwa. Daktari wa Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge, au wa Hospitali ya Prince Régent Charles, au wa zahanati yoyote, huanza kwa vidole vyake, akitafuta mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha mguu. Kisha hupimwa shinikizo la damu la mkono na la kifundo cha mguu, na la mguu likagawanywa kwa lile la mkono. Mathalani, mkono ukitoa 140 na mguu 84, jibu ni 0.60. Jibu la 0.90 au pungufu humaanisha kwamba mishipa imeziba. Jibu linalozidi 1.40 nalo si la kufurahia, kwa kuwa huonyesha mishipa iliyokakamaa, kama itokeavyo kwa wenye kisukari.

Kuhusu tiba, ya kwanza ni kuacha tumbaku. Ya pili itawashangaza wengi: ni kutembea. Mgonjwa ambaye hana kidonda, wala hasikii maumivu akiwa amepumzika, hutakiwa kutembea hadi maumivu yawe ya kiasi, asimame yapoe, kisha aendelee, kwa muda wa dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa wiki, kwa majuma 12 au zaidi. Ni vema afanye hivyo kwa maelekezo ya daktari. Wengi huongeza umbali wao kwa njia hiyo. Ya tatu ni dawa: za kupunguza lehemu, za shinikizo, za kisukari, na za kuzuia damu isigande, kama aspirini. Hizi huandikwa na daktari, hazinunuliwi kwa kubahatisha, kwani aspirini yaweza kumtoa damu mwenye vidonda vya tumbo. Hayo yasipotosha, upo upasuaji. Mwaka 1948 daktari Kunlin alitumia mshipa wa mgonjwa mwenyewe kuipitisha damu kando ya mahali palipoziba. Mwaka 1964, huko Portland nchini Marekani, daktari Dotter aliupanua mshipa kwa mrija uliopenyezwa ndani yake, akauokoa mguu wa bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa.

Lililo baya ni kuukanda mguu kwa maji ya moto, kuuchoma kwa makaa, au kuuchanja kwa wembe ili uchawi utoke. Ngozi isiyo na damu ya kutosha haina nguvu ya kupona, na jeraha dogo la wembe laweza kuwa mwanzo wa donda ndugu.

Kwa hiyo wajibu umegawanyika. Mkuu wa kikosi aonaye askari wake akibaki nyuma katika matembezi, hasa aliyekuwa hodari jana, ampeleke kwanza kwa daktari kabla ya kumpeleka kwenye adhabu. Askari naye aseme maumivu yake mapema, maana aibu ya kusema ni ndogo kuliko hasara ya kwenda kwa magongo. Walio na kisukari wakung'ute buti kila asubuhi kabla ya kuvaa, na kila jioni wakague nyayo zao na katikati ya vidole kwa uangalifu ule ule wanaokagulia silaha. Na waliostaafu, walio katika Jabe, Bwiza, Buyenzi na kwingineko, wasidhani kwamba kuchechemea ni malipo ya uzee. Waende wakapimwe.