Mkaguzi na Akiba ya Uzeeni
(Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu)



Najua siku ya sherehe watu hupenda kusikia habari za mavuno na bei, wala si habari za madaftari. Nawaomba mnivumilie, kwa kuwa akiba ya uzeeni ya watumishi wetu imo katika madaftari hayo hayo.

Huko Marekani, katika mji wa Houston, palikuwa na kampuni ya nishati iitwayo Enron. Mnamo Agosti 2000 hisa yake moja ilifika dola 90. Wafanyakazi walihimizwa kuweka akiba zao za uzeeni katika hisa hizo, na wengi wakaweka. Kumbe madeni yalikuwa yamefichwa katika vijikampuni vya pembeni! Hisa zilipokuwa zikiporomoka mwaka 2001, mfuko wa akiba ulifungwa kwa muda ili kubadili wasimamizi, wafanyakazi wasiweze kuuza; baadhi ya wakubwa walikwisha kuuza zao mapema. Tarehe 2 Desemba kampuni ilikiri mahakamani kuwa imefilisika.

Mtauliza, mkaguzi alikuwa wapi? Alikuwapo. Arthur Andersen walikagua wakatia sahihi. Lakini mwaka 2000 walilipwa kiasi cha dola milioni 25 kwa ukaguzi, na milioni 27 nyingine kwa ushauri na kazi nyinginezo. Ni vigumu kumwambia mtu amekosa, naye anakulipa mara mbili.

Julai 2002 ikatungwa sheria ya Sarbanes-Oxley. Mkaguzi alikatazwa kuiandikia vitabu kampuni anayoikagua, na mkuu wa kampuni akalazimishwa kuzithibitisha hesabu kwa sahihi yake mwenyewe. Waliokwisha kupoteza, sheria hiyo haikuwarudishia.

Nasema haya kwa haya kidogo. Mwaka wangu wa kwanza wa ukatibu nilimlipa mkaguzi atutengenezee urari wa hesabu, kisha nikampa huyo huyo aukague. Nilidhani nimepunguza gharama. Kwa bahati, hakuna kilichopotea.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo mawili: mkaguzi achaguliwe nanyi wanachama, asichaguliwe na katibu, na fedha za kiinua mgongo ziwe na hesabu yake peke yake benki, zisiguswe kwa kununulia mazao hata msimu ukibana. Mtunza hazina ameniambia kwamba hili la pili litatutia taabu wakati wa ununuzi. Ni kweli, litatutia taabu.